Jeraniamu ni marashi mazuri, msiinywe

(Niliongea haya kwa kina mama wa chama chetu hapa Lamu, wengi waliomba niyaandike wapelekee wenzao, kwa hivyo nimeyaweka vile vile kama yalivyotoka mdomoni.)

Assalaam alaikum mama zangu, dada zangu, na nyinyi wanangu mliojibanza huko nyuma, sogeeni mbele viti vipo. Nimeambiwa niongee kuhusu haya mafuta ya jeraniamu manake siku hizi kila nyumba ina kichupa, mwengine kakitoa Mombasa, mwengine kaletewa na mtu wa Dubai, mwengine kaona kwa simu tu basi roho haitulii mpaka apate, na maswali yamejaa kwenye grupu mpaka mwenyekiti akasema ebu tukae kitako mtu mmoja aongee tumalize. Haya, kazi yangu mwaijua, nachanganya singo, ile ya kumsingia bibi harusi mwili, na mafuta ya nywele huku Langoni, daktari si mimi, kwa hivyo swali la hospitali nitalirudisha hospitali.

Nawaambia langu mapema. Mafuta haya ni mazuri, mimi nayatumia na nayapenda, lakini uzuri wake ni kwa harufu na kidogo kwa ngozi, kwa mbu yanasaidia kwa muda mfupi, kwa magonjwa karibu hakuna. Anayekuuzia akikwambia yaponya sukari, presha, uvimbe wa kizazi na saratani, huyo auza maneno, mafuta ni kifungashio.

Basi ni mti gani. Mti wenyewe asili yake Afrika Kusini, huko kwa Cape, si wa Ulaya kama watu wanavyodhani kwa sababu wameona kwenye madirisha ya Wazungu kwa sinema. Karne ya 17 meli zilianza kubeba mimea ya jamii hii kupeleka Ulaya, ikapendwa ikapandwa, baadae Wafaransa wa mji wa Grasse, wale wa marashi, wakaona kumbe kuna aina majani yake ukiyasugua yanatoa harufu kama ya waridi, wakaanza kuyakamua mafuta, halafu wakaupeleka mti Algeria na kisiwa cha Réunion kule nyuma ya Madagaska. Siku hizi mafuta mengi yanatoka Misri na China. Kwenye chupa ukikuta imeandikwa Pelargonium graveolens usishtuke ukadhani umeuziwa kitu kingine, ndilo jina lake la kisayansi, na mimi kwa kweli chupa isiyokuwa na jina hilo siinunui.

Harufu haiko kwenye ua, iko kwenye jani. Jani lake limekatwakatwa pembeni, lina vinyweleo, ukilishika ni kama lina unyevunyevu wa kunata, ukilisugua kwa vidole kwanza inakuja waridi, halafu nyuma ya waridi kuna kitu cha baridi kama nanaa, halafu mwisho kabisa ulimau kidogo. Hiyo ndo jeraniamu. Waridi tupu haina ile nanaa, kwa hivyo mtu akikuletea "mafuta ya waridi" ukanusa ukasikia ubaridi ubaridi wa majani, jua umeuziwa jeraniamu kwa bei ya waridi, na hilo si jambo la leo, wafanyabiashara wanalifanya toka zamani huko duniani, kwa sababu harufu zote mbili zimejengwa na vitu vile vile, sitroneloli na jeranioli, wamepishana kwa kiasi na kwa vile vidogo vidogo vinavyoandamana navyo.

Na bei inaeleweka ukijua kazi yake. Majani na vijiti vinapikwa kwa mvuke, mvuke unapita kwenye bomba la baridi unarudi kuwa maji, mafuta yanaelea juu yanachotwa. Katika kilo 1000 za majani unapata kilo 1 ya mafuta, ikiwa bahati iko na wewe kilo 2. Kile kichupa cha mililita 10 mlichoshika hapo ni kama kilo 5 mpaka 9 za majani. Waridi ndo balaa, kilo 1 ya mafuta yataka tani tatu, nne za maua na pengine zaidi, na yachumwe alfajiri kabla jua halijapanda. Kwa hivyo tuseme ukweli, hapa mjini wengi wetu tunasema twanunua mafuta ya waridi lakini waridi halisi hatujalinunua, na jeraniamu safi ni bora mara mia kuliko hiyo waridi ya kiwandani ambayo ukijipaka mpaka ukuta wa jirani wanukia na kichwa kinakugonga siku nzima.

Kuna dada aliniuliza kwenye grupu kama anaweza kupanda hapa akamua mwenyewe. Kupanda utapanda, kwa chungu, upate kivuli cha jioni, mchanga usiotuamisha maji, kijiti ukikikata ukakichomeka chenyewe kinatoa mizizi. Lakini mti huu hupenda baridi kiasi, huko Réunion kwenyewe wanaulima juu milimani si pwani, hapa kwetu joto na upepo wa chumvi utakuwa unaubembeleza tu. Na ukishapata majani ya chungu kimoja ukayapika kwa sufuria hutapata mafuta ya kujaza hata kifuniko cha chupa. Utapata maji yanayonukia, na hayo maji si mabaya hata kidogo, tia kwenye mrashi nyunyiza wageni siku ya maulidi nyumbani kwako, nani atakuuliza.

Sasa tuje kwenye kutumia, na hapa nitakaa kidogo.

Mafuta haya hayapakwi hivi hivi. Najua mko mnaopaka, namuona mmoja ashaanza kucheka. Kichupa kile ni nguvu tupu, ukijitia moja kwa moja kwa ngozi leo hutaona kitu, kesho hutaona kitu, halafu siku moja ngozi inakataa unaanza kuwashwa na wekundu, na ngozi ikishakataa kitu inakataa moja kwa moja, hata sabuni yenye harufu ile itakuwasha. Nchi za Ulaya zinalazimisha mwenye kutengeneza vipodozi aandike kwenye kopo kama ndani kuna jeranioli, sitroneloli na linaloli, kwa sababu hii hii, kuna watu zinawadhuru. Kwa hivyo lazima uchanganye na mafuta mengine, na sisi watu wa pwani hatuna shida ya mafuta, tuna nazi na tuna uto wa simsim, hakuna haja ya kuagiza mafuta ya mbegu za zabibu kutoka sijui wapi.

Kipimo shikeni hiki. Tone ishirini ni kama mililita moja. Chukua chupa ya mililita 30, jaza mafuta ya nazi, ya mwili tia matone 12, hiyo ni kama asilimia 2. Ya uso tia 6 tu. Ukiwa huna chupa basi kijiko cha chai kimoja cha nazi na tone moja, mbili, usizidishe. Mtu ataniambia mbona hainukii sana, nami namwambia subiri ikae mwilini ipate joto lako, ndo harufu ya jeraniamu inavyofunguka, haipigi kelele mlangoni. Na piga hesabu uone, kichupa cha mililita 10 kina matone kama 200, kwa hivyo unapata chupa 16 za mafuta ya mwili. Kumbe si ghali, ghali ni kumwaga.

Mafuta ya nazi ya kupika nyumbani, yale ya kukuna ukachemsha tui, ni mazuri lakini hakikisheni maji yameisha kabisa, manake yakibakia maji yanaoza kwenye chupa wiki mbili tatu halafu mtu anailaumu jeraniamu.

Kwa singo mimi natia mwisho kabisa. Liwa, karafuu, waridi kavu, kila mmoja na mchanganyiko wake aliorithi kwa bibi yake na hapo siingilii, lakini jeraniamu iingie wakati unakanda ile ya siku hiyo, usitie kwenye singo ya kuweka kwa sababu inaruka, ukifungua baada ya mwezi unakuta liwa peke yake. Bakuli moja la kumpaka bibi harusi mwili mzima matone sita mpaka nane yatosha, na yatangulie kuchanganywa na kijiko cha mafuta, yasiangukie kwenye singo makavu yakaganda pahala pamoja, yule mtoto wa watu akapata doa jekundu mgongoni siku ya kutolewa nje. Ashanyolewa, ngozi ina vijeraha vidogo vidogo visivyoonekana? Basi mpumzisheni siku moja kabla ya kumpaka chochote chenye harufu. Nyinyi masomo, mnaowafunda maharusi, mliopo hapa hili mulishike.

Inakaa vizuri na asumini, na udi pia, na karafuu kwa mbali sana. Na mkadi mimi sipendi, zinagombana, lakini hiyo ni pua yangu.

Kwa uso wenye mafuta na chunusi. Watu wanasema inapunguza mafuta ya uso, na hii imesemwa miaka mingi na wachanganyaji wa Ulaya na mimi wateja wangu baadhi wanaisifu. Maabara kweli wamepima wakaona inaua au inazuia baadhi ya bakteria, hata yule wa majipu, stafilokokasi, na baadhi ya fangasi. Lakini maabara ni kisahani cha kioo, uso wako si kisahani. Kwa hivyo jaribu kidogo, ikikufaa endelea, chunusi zikiwa zile kubwa za kuuma zinazoacha shimo nenda kwa daktari wa ngozi usiniletee mimi.

Miguu inayonuka, hiyo ndo napenda kuwaambia kina mama wa wavulana, beseni la maji ya vuguvugu, chumvi kiganja, na kijiko cha mafuta chenye matone matatu ya jeraniamu, dakika kumi. Usidondoshe kwenye maji peke yake kwa sababu mafuta na maji hayapatani, yataelea juu halafu yanashika ngozi pahala pamoja yanachoma.

Nyumbani kwa kunukiza, jamani, msitie kwenye chetezo. Kuna mtu aliniambia anadondosha juu ya makaa pamoja na udi. Mafuta haya yanashika moto, na yakiungua harufu yake yageuka kuwa moshi wa kukwangua koo, hasara juu ya hatari. Tia tone tatu nne kwenye bakuli la maji ya moto weka pembeni ya chumba, dirisha likiwa wazi kidogo, basi. Na kanzu nyeupe au buibui la hariri msidondoshee, yana rangi ya kijani kibichi kwa mbali, doa halitoki.

Paka. Wacheni kucheka, nasema paka, mji huu una paka wengi kuliko watu na wengine mwalala nao. Ini la paka haliwezi kuvunja vitu kama jeranioli na linaloli kama letu, akijilamba mafuta haya au akalala chumba kilichojaa harufu yake siku nzima anaweza kuugua, kwa hivyo mlango uwe wazi atoke akitaka, na usimpake kumfukuzia viroboto. Punda ni mwengine, huko nje jeranioli inatiwa kwenye dawa za kupulizia farasi dhidi ya nzi, lakini ni dawa zilizopimwa, wewe usimmiminie punda wa watu kichupa kwenye kidonda.

Haya, mbu.

Kwenye hili nataka tuelewane vizuri kwa sababu hapa ndo watu watadhurika. Ni kweli mbu hapendi jeraniamu, sitroneloli na jeranioli ni vitu vinavyowakera mbu, na Marekani wanayaweka mafuta ya jeraniamu kwenye orodha ya vitu vya kufukuzia wadudu vyenye madhara madogo kwa mtu. Lakini kuwa na madhara madogo haimaanishi kwamba yanafanya kazi usiku kucha. Kinachokupa harufu ndicho hicho hicho kinachomkera mbu, na harufu ikiruka kinga imeruka nayo. Kwa joto letu hili na jasho, baada ya saa moja hivi, pengine haijafika, umebaki na mafuta ya nazi tu na mbu anakukaribia kama kawaida.

Wakubwa mliopo mwakumbuka mwaka 2004. Chikungunya iliingia mji huu ikalaza watu nyumba kwa nyumba, mtu ana homa na viungo vinamuuma mpaka hawezi kushika kikombe, mama hawezi kukalia mbuzi akakuna nazi. Watafiti waliopima damu baadae wakakadiria robo tatu ya watu wa mji waliambukizwa, kama watu 13,500. Na sababu moja waliyoitaja ni kwamba kulikuwa na ukame na joto, maji tukayaweka kwa mapipa na mitungi na mabirika muda mrefu bila kubadilisha, na yule mbu wa madoa meupe, Aedes, anataga kwenye maji hayo hayo ya ndani ya nyumba. Kutoka hapa ikaenda Mombasa, mwaka 2005 iko Ngazija, ikaendelea kusini kisiwa baada ya kisiwa mpaka ikafika Réunion.

Réunion. Kile kisiwa nilichowatajia sasa hivi cha jeraniamu, mafuta yake yanaitwa Bourbon na wachanganyaji marashi wa Ufaransa waliyaheshimu kuliko ya nchi nyingine zote. Basi mwaka 2005 na 2006 zaidi ya thuluthi ya watu wa kisiwa hicho waliugua chikungunya, zaidi ya watu laki mbili. Wana mti milimani, wana mitambo ya kukamua, wana mafuta bora duniani, na mbu aliwala vile vile alivyotula sisi.

Kwa hivyo fanyeni hivi. Usiku neti, hilo halina mjadala, malaria ni ya usiku. Mchana yule Aedes anauma alasiri mpaka magharibi mtu amekaa barazani, hapo neti haikusaidii, kwanza ni kufunika mapipa na kusugua birika kila wiki yale mayai yanashika ukutani, maji kumwaga peke yake hakutoshi. Halafu mwilini ukitaka kinga ya saa nyingi, kwa watoto wanaokwenda madrasa alasiri au mgonjwa aliyelala, nunua dawa ya kupaka iliyoandikwa DEET au ikaridini duka la dawa ufuate maandishi. Jeraniamu ipake wewe mtu mzima ukikaa nje saa moja na wenzio, unukie na mbu akae mbali kidogo, vyote viwili umepata.

Swali la ugonjwa sasa, nitapita haraka kwa sababu hakuna mengi. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2003, watu waliobakia na maumivu ya mishipa baada ya mkanda wa jeshi walipakwa mafuta ya jeraniamu yakapunguza maumivu kwa muda, dakika si siku, na walikuwa watu 30 tu. Kuna mwengine wa Iran wa mwaka 2015, wanawake 100 wa uzazi wa kwanza, walionusishwa harufu yake wakati uchungu umeanza hofu ilipungua kuliko wale ambao hawakunusishwa. Huo mimi nimeupenda sana manake wakunga wetu toka zamani walikuwa na chetezo na rihani chumbani na watu wakisema ni mambo ya kizamani. Lakini angalieni, walinusa, hawakupakwa tumbo, hawakunywa, na walikuwa hospitali na wakunga pembeni. Mimba changa ya miezi mitatu ya kwanza kaa mbali nayo, watoto wachanga pia, hata kama bibi anataka mtoto anukie.

Hapo mama mmoja akauliza, na ile ya kikohozi inayouzwa Ujerumani si ndo hii? Nikamwambia hapana mama, ile ni binamu yake, ni mti mwengine wa jamii hiyo hiyo wa Afrika Kusini, na wanachotumia ni mizizi, si mafuta ya majani. Kijana mwengine akauliza kuhusu unga wa jimu ulioandikwa jeraniamu, unaokupa nguvu. Huo ukauogope. Ndani yake huwa kuna kitu kinaitwa DMAA, kampuni zilikuwa zinadai kimetoka kwenye jeraniamu, mwaka 2012 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaziandikia barua za onyo, kinabana mishipa ya damu na kupandisha presha, na kwenye michezo ya kimataifa kimepigwa marufuku. Na jeraniamu imesingiziwa tu, hao wa mamlaka wanasema hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba kitu hicho kinatoka kwenye mti.

Na kunywa. Wako wanaotia tone kwenye chai, tone kwenye maji ya asubuhi, eti yasafisha tumbo. Mililita 10 kilo tano au zaidi za majani, nimewaambia. Wewe ungekaa ukatafuna kilo tano za majani? Usinywe. Mtoto akinywa usimtapishe, chukua kichupa chenyewe mkimbilie hospitali wakione. Kwa hivyo kiwekwe juu, si kwenye kile kikapu cha chini chenye wanja na poda.

La kununua nimalizie hapo. Chupa iwe ya kioo cheusi au cha rangi ya kahawia, plastiki mafuta haya yanaitafuna taratibu. Iwe na jina la mti nililotaja, nchi iliyotoka na nambari ya toleo, na kipodozi kilichochanganywa tayari kiwe na alama ya ubora ya KEBS, lile shirika la viwango la Kenya. Ukifika nyumbani dondosha tone moja kwa karatasi nyeupe na tone la mafuta ya kupikia pembeni yake, acha mpaka jioni. La jeraniamu safi litakuwa limeruka limebakisha rangi kidogo tu, la kupikia litabaki duara la uangavu wa mafuta. Likibaki duara kama hilo kwa zote mbili ujue umeuziwa mafuta ya kupikia yenye manukato. Jaribio hili halimkamati aliyechanganya kemikali za kiwandani, huyo anakamatwa na maabara tu, lakini mwenye kukuuzia kichupa kwa bei ya soda wala huhitaji karatasi. Ukishanunua weka pahala pa baridi pasipo na jua, si dirishani, funga kizibo vizuri, miaka miwili mitatu imetosha, yakizeeka yanawasha zaidi ya yalipokuwa mapya.

Mwenyekiti anasema tununue chupa kubwa pamoja tugawane, mimi nakubali, lakini nani atakaa na pesa hilo mtalizungumza wenyewe mimi simo. Kwenye meza hapo nimechanganya nazi na jeraniamu ya asilimia 2. Njooni mmoja mmoja, mwenye mimba na mwenye kidonda abaki kitini, nitawapaka tone dogo ndani ya kiwiko cha mkono wa kushoto, msilioshe mpaka kesho wakati kama huu, likiwasha au likiwa jekundu oshea mafuta na sabuni halafu uniandikie mimi, usiandike kwenye grupu kwanza ukatisha watu.